Uzi wa Tano Ndani ya Ua

Polisi akibisha mlango wa mtu mchana kweupe, majirani hutoka nje hata wasipoitwa. Huyu alibisha mara moja tu, kwa kiganja, kisha akavua bereti yake na kuishika kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la uji wa moto. Sumayiya alipofungua aliona magwanda kwanza. Halafu akaona kilichokuwa ndani ya bereti. Lilikuwa ua.

Ua moja tu, la zambarau hafifu, refu kama tarumbeta ndogo, halina jani wala kijiti. Upande mmoja lilikuwa limechanika, na petali zake zilikuwa na mikunjo ya vidole.

"Hapa ndipo kwa binti anayepiga picha za harusi?" polisi aliuliza.

"Ndipo, Afande. Kuna kosa gani?"

"Kosa hakuna. Nina shida."

Nyuma ya Sumayiya, uani, mama yake Zubaida alikuwa amekaa kwenye mkeka akisuka kawa la kufunikia chakula, ukindu mwekundu na wa kijani umemzunguka. Aliinua macho, akamtazama polisi, akalitazama ua, akacheka mpaka bega likatikisika.

"Sumayiya! Mwambie posa haiji na magwanda. Arudi nyumbani akalete wazee wake, na sukari."

Majirani waliokuwa wamechungulia wakaangua kicheko. Polisi hakucheka.

"Samahani, mama. Mke ninaye," alisema kwa upole. "Jina langu Opoka, nakaa hapa chini kambini. Mtoto wetu, Aol, ana miaka minne. Asubuhi alikuwa anacheza na wenzake kando ya reli. Amerudi anatapika, mwili umelegea, na hili ua mkononi. Amelitafuna. Sasa yuko hospitali huko juu kilimani na mama yake."

Zubaida aliweka kawa chini. Kicheko cha uani kikakatika kama redio iliyoishiwa na betri.

Opoka akaeleza, maneno yakimtoka mbiombio. Daktari amemtundikia mtoto dripu na kumchukua damu, lakini hajui ua hili ni la mmea gani. Yako maua ya sura hii hii ambayo utomvu wake hushika moyo. Kama ni hayo, mtoto hana budi kupelekwa hospitali kuu ya Mulago, na gari la wagonjwa limeshaitwa. Kama siyo, kumsukasuka barabarani katika hali ile si jambo jema. Wenzake wawili wa kambini wameenda relini kuutafuta mmea wenyewe, ila vichaka vya kule vimefyekwa jana na majani yote yamelundikwa pamoja. Daktari anamfahamu mtaalamu mmoja wa mimea, Mkongo, Dakta Bisimwa, ambaye leo yuko milimani huko magharibi, anapatikana kwa simu akipanda kilima na kupotea akishuka.

"Nimelipiga picha kwa simu yangu nikamtumia. Tazama alivyojibu."

Sumayiya akasoma: *Ndugu, ukuta wako nimeuona vizuri. Ua liko wapi?*

Ndivyo simu nyingi zinavyofanya. Ukizisogeza karibu mno na kitu kidogo, hukiruka na kushika kilicho nyuma. Kwenye picha ya Opoka, nyufa za ukuta wa wodi zilihesabika, na mbele yake kulikuwa na wingu la zambarau.

"Anataka kuona ndani, kooni mwa ua," Opoka alisema. "Zile nyuzi. Mimi nimehesabu tano. Mke wangu, Concy, amehesabu nne. Mtaalamu amekataa kusikia hesabu ya mtu, anataka kuona kwa macho yake."

"Ingia, Afande. Lete hapa."

Lakini Opoka hakuiachia bereti mara moja.

"Dada, kitu kimoja. Mtoto aliling'ang'ania ua hili. Kumfungua ngumi nimetumia nguvu, na alinitazama..." Akalitazama ua. "Nikamwambia litarudi leo leo. Tafadhali, usilikate."

"Litarudi," Sumayiya alisema. "Mimi mwenyewe naahidi."

Chumba chake kilikuwa kile kilichokuwa cha marehemu baba yake, Abdul-Latif, na kamera ilikuwa na lenzi ya baba yake vilevile: lenzi nzito ya zamani, ambayo tundu lake la kupitishia mwanga hufunguliwa na kufungwa kwa kuzungusha bangili ya chuma kwa mkono. Tangu amalize chuo Sumayiya alikuwa akipiga maharusi, na siku za mapumziko akipiga maua ya uzio, yale ambayo watu wa Kampala hupita kando yake bila kuyatazama. Kwa kazi hiyo alinunua pete za kamera katika kibanda kimoja Nakivubo. Pete hizo hazina kioo. Huchomekwa kati ya kamera na lenzi ili lenzi iweze kuona kitu kilicho karibu kama ncha ya pua.

Na siku hii, kati ya siku zote, alikuwa akisubiri ua. Nyumba moja ya maonyesho mjini ilikuwa imempa nafasi yake ya kwanza ukutani: picha kumi za maua ya uzio, zipelekwe kabla ya jua kuzama. Alikuwa na tisa. Ya kumi ilikuwa imemkimbia wiki nzima.

Alilisimamisha ua kwenye kikombe cha kahawa, akalishikiza kwa ukindu wa mama yake, akaliweka mezani karibu na dirisha. Akachomeka pete, akainama, akasogea mbele na nyuma mpaka nyuzi za mbele zikaibuka kutoka ukunguni, kali kama sindano. Akabofya. Akabofya tena. Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa nzuri kiasi cha kumkata pumzi: nyuzi mbili zikimeta, na kila kilicho nyuma yake kimeyeyuka kuwa moshi wa zambarau.

Akaihamishia kwenye simu ya Opoka, wakaituma. Haukupita muda simu ikalia.

"Nani amepiga hii?" sauti ya mzee iliuliza, upepo ukivuma nyuma yake.

"Mimi, Dakta. Naitwa Sumayiya."

"Binti, umepiga picha nzuri sana. Hiyo ndiyo taabu yake."

"Sijaelewa."

"Nyuzi mbili za mbele naziona, na kila mmoja una kifuko chake cha chavua. Nyuma ni moshi. Naona kama nyingine mbili. Na katikati kuna uzi wa tano, tena unaonekana kama una mkia. Sikiliza sana. Kama zote tano zina vifuko na mikia, zimekumbatiana, mwambieni daktari mtoto aende Mulago sasa hivi, asisubiri. Kama huo wa tano hauna kifuko, basi huo ni uzi wa kike na ua hili ni la jamaa nyingine kabisa. Nipe nyuzi zote, toka kichwani mpaka zinapoota, zote zionekane. Sitaki uzuri, nataka..."

Simu ikakatika. Mzee ameshuka kilima.

Opoka alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

"Tano," alisema. "Nilikuambia tano."

Sumayiya akaitazama bangili ya lenzi, akaona aibu. Ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Haijawahi kuwa pengine popote. Wapiga picha wote wa harusi aliojifunza kwao huifungua hadi mwisho na kuiacha hapo, maana bibi harusi ambaye nyuma yake hakuna ukungu hudai picha irudiwe. Watu hutaka uso tu, na viti vya plastiki na shangazi anayetafuna vipotee. Ukiwa mbali, tundu likiwa wazi hukuachia uso mzima. Ukisogea karibu namna hii, kinachoonekana vizuri ni unene wa karatasi tu. Aliyajua haya chuoni, akayaandika hata kwenye mtihani. Mkono wake ndio uliosahau.

"Afande, haijaisha," alisema. "Nisaidie kuhamisha meza. Tunatoka nje."

"Nje kuna upepo, wewe!" Zubaida alimwambia.

"Ndiyo maana nakuhitaji na mkeka wako, mama."

Tundu likibanwa, sehemu inayoonekana vizuri hurefuka, lakini mwanga hupungua na kamera hulazimika kukodoa macho kwa muda mrefu. Na katika muda huo chochote kikitikisika, hata kidogo, picha huharibika. Chumbani sakafu ilitetemeka kila lori lilipopita. Uani kulikuwa na saruji na jua. Sumayiya akaiweka kamera juu ya mfuko wa mchele, akaukandakanda mpaka ukaishika vizuri. Jua kali lilitupa vivuli vyeusi kooni mwa ua, basi akatoa shela ya bibi harusi anayoikodisha, akaitandaza juu ya kamba ya nguo ili mwanga ushuke laini. Mama yake na Opoka wakasimama na mkeka kuzuia upepo.

Akaizungusha bangili mpaka karibu na mwisho wa upande wa pili. Chuma kilikwaruza kama bawaba ya mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. Akaweka kamera ijibofye yenyewe baada ya muda mfupi ili kidole chake kisiiguse. Wote wakatulia. Kamera ikalia.

Ukungu.

"Ua limecheza," alisema. "Afande, unapumua."

"Dada, nisipopumua nitakufa."

"Pumulia huko kwa majirani," Zubaida alimwamrisha, na Opoka, mtu mzima mwenye cheo begani, akageuza uso wake ukutani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

Mara ya pili ua halikucheza. Sumayiya akakuza picha kwenye kioo. Nyuzi nne zilikuwa wazi sasa. Lakini wa tano, ule wa katikati, ulizama kooni kuliko wote, na mzizi wake ulikuwa bado moshi. Hata tundu likiwa dogo hivyo, koo lilikuwa refu kuliko uwezo wa lenzi. Akaibana bangili hadi mwisho kabisa. Lakini tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga hutawanyika; picha yote ikalegea, hakuna mahali palipokuwa pakali.

Simu ya Opoka ikalia. Alikuwa Concy. "Gari limefika," alisema, na sauti yake ikasikika na kila mtu uani. "Daktari anauliza. Opoka, nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri kidogo. Kidogo tu, mama Aol."

Sumayiya alipiga magoti mbele ya kikombe. Kwa nini alikuwa analitazama ua usoni? Kwa sababu maharusi hutazamwa usoni. Lakini ukilitazama ua kwa mbele, uzi mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, na lenzi haiwezi kuwa kotekote. Ukizilaza nyuzi ubavu, zote zitakuwa umbali mmoja, kama askari waliopangwa mstari mbele ya mkaguzi. Tatizo ni ukuta wa ua lenyewe, unaozificha. Ungelazimika kulikata.

Kisha akaona. Lilikuwa limeshakatwa. Pale Aol alipong'ata, ubavu wa tarumbeta ulikuwa umechanika kutoka mdomoni hadi karibu na kikombe cha kijani kinachoshika petali kwa chini. Meno ya mtoto yalikuwa yamefungua dirisha.

"Mama, pini za ushungi. Mbili."

Zubaida akachomoa pini kichwani mwake bila kuuliza, ushungi ukateleza, akauzuia kwa kidevu huku mkono mmoja ungali umeshika mkeka. Sumayiya aliligeuza ua polepole, akazitenga kingo za mpasuko kwa pini bila kuchana zaidi. Nyuzi zikajitokeza ubavu, zimelala sambamba. Akarudisha bangili karibu na mwisho tu, pale ilipokuwa kabla hajaibana kabisa. Akamwambia Opoka amwachie mama mkeka, achukue kioo kidogo cha ukutani alichozoea kuwapa maharusi wajitazame, atupe mwanga ndani kwa huo mpasuko.

"Hivyo. Usisogee. Na usipumue."

"Nimeshazoea," Opoka alinong'ona.

Kamera ikalia. Akasogeza fokasi, pale lenzi inapoona vizuri, kwa unene wa unywele, ikalia tena. Akasogeza. Ikalia. Alianza na uzi wa karibu akamaliza na wa mbali, asiache pengo.

Aliposimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akakuza picha. Uzi wa kwanza: kifuko, na vumbi la chavua juu yake, punje kwa punje. Wa pili: kifuko. Wa tatu na wa nne, fupi kidogo: vifuko. Na ule wa katikati alioufuata kwa kidole kutoka juu kwenda chini ulikuwa mwembamba, laini, ncha yake imegawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka. Hakukuwa na kifuko. Ule uliodhaniwa mkia ulikuwa unywele wa petali, nyuma kabisa. Na uzi huo haukuota ukutani pamoja na wenzake. Ulitoka chini, katikati ya kikombe cha kijani, peke yake.

Alijua alichokiona, lakini macho yake yalitaka mno kukiona, naye hakuyaamini. Akatuma picha zote. Kwenye simu ikatokea alama moja tu: zimeondoka, hazijafika.

Walisubiri wamesimama. Zubaida midomo ilikuwa ikicheza kwa dua. Opoka alikuwa bado ameshika kioo, na doa la mwanga lilitetemeka ukutani kwa jirani.

Alama ya pili. Kisha sauti iliyorekodiwa, upepo tele ndani yake:

"Vifuko vinne, viwili juu, viwili chini, havikushikana. Uzi wa tano ni wa kike. Na meno ya kikombe cha ua ninayaona, na nywele zake ninaziona. Hili si la jamaa ile ya sumu ya moyo. Mwambieni daktari anipigie nimthibitishie mwenyewe, niko juu ya jiwe, sishuki. Mtoto hakulishwa sumu na ua hili. Binti, hii sasa ndiyo picha."

Opoka akaketi chini. Hakutafuta kiti, aliketi pale pale kwenye saruji, na magwanda yake, akajifunika uso kwa bereti. Mabega yalimcheza muda mrefu. Zubaida alikaribia, akasita kidogo kama mtu anayekumbuka adabu, halafu akamwekea mkono kichwani kama angefanya kwa mwanawe.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lia, baba. Hii ni ya kulia."

Concy akapiga simu kabla hajamaliza. Daktari amezungumza na mtaalamu. Gari limerudishwa. Na majibu ya damu yametoka: ni malaria, dawa imeshaanza. Maembe mabichi ya relini ndiyo yaliyomtapisha, maana katika matapishi yametoka mengi. Opoka alicheka na kulia kwa pamoja, akaruka, akamshukuru Sumayiya kwa Kiswahili, kwa Kiacholi cha kwao, na kwa saluti, akachukua namba yake ya simu, akatoka mbio kutafuta bodaboda.

Ua lilibaki kwenye kikombe cha kahawa.

Uani palikuwa na kimya cha namna ile ya baada ya mvua kubwa. Sumayiya alizichomoa pini, akalirudisha ua umbo lake. Mpasuko ukajifunga. Na ndipo alipoliona kwa mara ya kwanza kama ua, siyo kama swali. Lilikuwa linainama kidogo kwa uchovu, na kila mkunjo wa kidole cha mtoto ulikuwa na kivuli chake.

Alijua hii ndiyo ya kumi. Picha alizompigia Dakta Bisimwa zilikuwa ushahidi tu, ua lililobanwa kwa pini na kumulikwa kama mshitakiwa. Aliyoitaka yeye ilihitaji jua liwe nyuma yake, chini, lipite ndani ya petali. Na jua hilo lingeingia dirishani kwake baada ya kuvuka paa la jirani. Akajaribu palepale, na mwanga uliokuwepo. Picha ikatoka bapa kama chapati.

"Subiri basi," Zubaida alisema. "Jua halina haraka."

Simu ya Sumayiya ikalia. Ilikuwa namba ya Opoka, lakini iliyosema ni sauti ya Concy, na nyuma yake mtoto akilia kilio cha mtoto aliyepata nafuu, chenye nguvu na hasira.

"Dada Sumayiya? Asante, Mungu akubariki. Ni huyu. Ameamka, amekataa dawa, anasema baba amempotezea ua lake. Opoka anaona haya kukupigia. Wageni wanatolewa wodini karibuni. Kama haiwezekani, acha tu. Nitamdanganya kwa biskuti."

Sumayiya alilitazama paa la jirani. Jua lilikuwa juu yake kwa upana wa mkono. Akilisubiri, wodi itafungwa, na kesho ua hili litakuwa kitambaa kilicholowa. Akienda, nafasi ya ukutani itapewa mwingine. Wenye maonyesho walishasema, kumi au hakuna.

"Msimdanganye mtoto," alisema. "Naja."

Zubaida alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akachukua kawa alilokuwa akilisuka, ambalo halijakamilika, akaung'oa ukindu uliochomoza, akamkabidhi. "Lifunike na hili. Upepo wa bodaboda utalimaliza."

Wodini, Aol alikuwa mdogo kuliko Sumayiya alivyomfikiria. Alikuwa amekaa kitandani, bomba la dripu limefungwa mkononi, machozi yamekauka mashavuni. Alilitazama kawa kwanza, kwa shaka. Sumayiya akalifunua.

"Ni lako?"

Mtoto akalichukua. Akaligeuza, akakagua upande ule uliochanika, akakuta alama ya meno yake, akaridhika.

"Langu," alisema. Akafungua mdomo, na Concy, aliyekuwa ameshika kijiko cha dawa tayari, hakungoja mwaliko.

Wakati huo jua likashuka chini ya paa la baraza ya wodi. Likaingia kwa dirisha la mwisho, likapita juu ya vitanda, likalikuta ua kwenye ngumi ya mtoto, nalo likawaka. Kila mshipa wa petali ulionekana. Nyuzi zilionekana kama vivuli ndani yake, nne na mmoja.

Mikono ya Sumayiya ilipanda yenyewe hadi usawa wa jicho. Ilikuwa tupu. Kamera alikuwa ameiacha nyumbani, juu ya mfuko wa mchele.

"Ngoja, ngoja, dada, mimi ninayo!" Opoka akatoa simu yake, akachutama, akashika pumzi kama alivyofundishwa, akabofya. Akamwonyesha kwa fahari.

Ukuta wa wodi ulitoka wazi kabisa, na nyufa zake zote.

"Ni nzuri, Afande," Sumayiya alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto akamtazama, akafikiri, kisha akalisogeza ua mpaka puani pa Sumayiya ili alinuse, bila kuliachia.